Pale maua ya mukuba yanapoota, tusipande lenga-lenga

Jumanne asubuhi simu yangu iliita kabla sijanywa chai. Alikuwa Mama Mapasa, yule anayekaa mwisho wa mstari wa nyumba mpya, karibu na mfereji. Wengi wenu mnamfahamu. Alikimbia vita upande wa Mitwaba pamoja na watoto watano, akafikia kwa shangazi yake, na baadaye akapewa kipande cha shamba hapa kwetu.

«Yaya, kuja uone,» akaniambia. «Shamba langu limejaa maua. Sijawahi kuona kitu kizuri hivi. Leta na simu ile ya kupiga picha.»

Nilikwenda. Ndugu msikilizaji, kwa kweli maua yalikuwa mazuri. Mimea mifupi, isiyopita goti la mtoto, na juu ya kila shina kichwa kidogo cha rangi ya zambarau inayoelekea buluu. Yalikuwa mamia kwa mamia, yamejipanga kama mkeka kutoka kwenye mfereji hadi katikati ya matuta. Ilikuwa mwisho wa mvua, wakati ambapo kila kitu kingine kinaanza kukauka. Mama Mapasa alisimama mbele ya nyumba akitabasamu, akingoja nimsifu.

Mimi sikutabasamu. Maua yale nayafahamu tangu nilipokuwa mtoto. Na katikati yake nilikuwa naona lenga-lenga, mboga aliyowapikia watoto wake jana yake jioni.

Nataka leo niwaeleze kwa nini moyo wangu ulishtuka. Wale tuliotoka kilimani mtaelewa upesi. Lakini wengi katika kijiji hiki kipya wametoka mbali, mahali ambapo hakuna mukuba ndani ya ardhi, na hakuna mtu aliyewaambia.

Mimi nilizaliwa kati ya Likasi na Fungurume, chini ya kilima ambacho sasa hakipo. Wageni walikuwa wanakitambua kwa mbali sana. Pori letu lote ni miti, miombo mpaka macho yanachoka. Lakini ukifika kwenye kilima kile, miti inasimama ghafla, kama watu waliokatazwa kupita. Kuanzia hapo kwenda juu ni majani tu, mawe, na maua. Wazungu waliita sehemu kama hizo «clairières». Sisi watoto tuliita kipara.

Kambo wangu, mama ya mama yangu, alikuwa Musanga. Hakujua kusoma, lakini kilima alikisoma. Alikuwa akitupeleka juu kutafuta kuni chini ya ukingo na uyoga wakati wa mvua, na kila mara tulipofika kwenye kipara alisimama. Alituonyesha maua ya zambarau akasema: «Hapa udongo umeshiba mukuba. Hauna nafasi ya mihogo.» Basi. Hakuongeza. Kwa watu wake hilo lilikuwa jambo la kawaida, kama kusema moto unaunguza.

Siku moja mjomba, aliyekuwa na haraka ya kupata pesa, alilima kipande kidogo pale pale. Udongo ulikuwa mwepesi, hauna mizizi ya kung'oa. Mahindi yakaota, yakawa ya manjano, yakafika urefu wa kiganja, yakaisha. Kambo hakumcheka. Alimpatia mbegu nyingine akamwonyesha mahali pengine, karibu na kichuguu kikubwa.

Maua yale ya zambarau yana jina refu la wataalamu: Haumaniastrum katangense. Ndani ya jina lenyewe mnasikia Katanga. Kwa Kifaransa watu wengi wanaliita tu «fleur de cuivre», ua la mukuba. Si ua gumu kupatikana. Linapenda udongo wenye mukuba, na linapenda hasa udongo uliochezewa: kando ya barabara ya mgodi, penye maji yaliyotoka kwenye rundo la mawe, pale watu wa zamani waliyeyusha madini.

Hilo la mwisho ni jambo la ajabu na la kweli. Babu zetu waliyeyusha mukuba kwa karne nyingi kabla mzungu hajafika. Walikusanya lile jiwe la kijani, malakiti, wakati wa kiangazi, wakalichoma kwa makala katika tanuru za udongo, wakavivia mifuo, na mukuba ukatoka ukimiminwa kuwa misalaba. Misalaba ile ilitumika kununua vitu, ilitolewa kwa mahari, na wachimbuaji wa mambo ya kale wameikuta ndani ya makaburi kwenye bonde la Upemba, imewekwa pamoja na maiti. Kazi hiyo iliendelea mpaka siku za Msiri na Bayeke wa Bunkeya. Tanuru zilivunjika, watu wakahama, majani yakafunika kila kitu. Lakini mukuba uliomwagika ulibaki katika udongo, na ua lile likaota juu yake. Wataalamu wa mambo ya kale wamegundua sehemu za kuyeyushia kwa kufuata ua hilo tu. Watu wameondoka miaka mia kadhaa, na ua bado linasema walipokuwa.

Kwa hiyo nilipoona mkeka ule wa zambarau katika shamba la Mama Mapasa nilijiuliza: hapa ni nani alimwaga, na alimwaga lini?

Kabla ya kuendelea, niseme kidogo kuhusu vilima vyenyewe, maana watoto wetu wanavijua kama mashimo tu.

Toka Kolwezi mpaka upande wa Lubumbashi, kuna vilima zaidi ya mia moja ambamo mukuba na kobalti vilitokeza juu ya ardhi, kabla ya mashine yoyote. Katika udongo wa kawaida, ukichukua kilo moja utakuta mukuba wa miligramu makumi tu. Katika vilima hivyo unakuta maelfu, na mahali pengine makumi ya maelfu. Mti wa kawaida unakufa. Lakini kuna mimea ambayo ilijifunza kuishi pale, polepole, kwa muda ambao hatuwezi kuuhesabu.

Mtaalamu wa Ubelgiji, Paul Duvigneaud, aliandika juu ya mimea hiyo mwaka 1958. Profesa François Malaisse, ambaye alifundisha Lubumbashi miaka mingi, aliendelea na kazi hiyo pamoja na wanafunzi wake Wakongomani. Leo tunajua kwamba mimea zaidi ya 600 ya aina mbalimbali imeonekana juu ya vilima vya mukuba. Mingi kati yake inaota pia mahali pengine. Lakini kama aina 30 hazionekani popote duniani isipokuwa juu ya vilima hivyo. Sikieni vizuri: si Zambia yote, si Afrika yote, si Ulaya. Ni hapa kwetu tu, na nyingine ni juu ya kilima kimoja au viwili.

Miaka iliyopita nilifunga safari hadi Lubumbashi kwa kazi ya redio, na mwalimu mmoja wa mambo ya kilimo akanionyesha mmea mmoja ndani ya chungu. Nilitegemea kitu kikubwa. Kilikuwa kitu kidogo, majani membamba, maua ya zambarau madogo kuliko ukucha wangu. Jina lake ni Crepidorhopalon perennis. Aliniambia kwamba makao yake ya asili yanayojulikana ni sehemu moja tu: Kalukuluku, kando ya Lubumbashi.

Wazee wa Lubumbashi wanaijua Kalukuluku. Ndiyo ile mgodi ambayo Wabelgiji waliiita Étoile. Ni mojawapo ya migodi ya kwanza kabisa ya Union Minière. Mji ulianzishwa 1910, na mwaka 1911 mukuba wa kwanza wa kiwanda ukatoka. Maana yake, ua lile linaishi katika mgodi kwa zaidi ya miaka mia. Kila mara bei ya mukuba inapopanda, makao yake yanapungua. Ndiyo maana walimu wale walianza kulipanda kwenye vyungu na vitalu, na Bustani ya Mimea ya Meise kule Ubelgiji imehifadhi mbegu za mimea ya vilima vya mukuba.

Nilimwuliza yule mwalimu: kwa nini tusichukue tu mbegu, tukalipande kwenye udongo mzuri, wenye mboleo, lipumzike? Akacheka kidogo. Akasema mimea ya aina hii mingi haifaidiki na udongo tunaouita mzuri. Pale majani mengine yanakuja kwa nguvu, yanaifunika, yanainyima mwanga. Tena kuna watafiti wanaofikiri kwamba ua la mukuba likiwa katika udongo wa kawaida linashambuliwa na magonjwa ya kuvu, na mukuba wa kilimani ndio uliokuwa unazuia magonjwa hayo. Sumu ya wengine kwake ni ukuta.

Nilirudi nyumbani na maneno hayo kichwani. Na nitasema kwa nini hayakutoka.

Sisi tulihamishwa. Sitataja jina la kampuni, na si kazi ya makala haya. Walikuja vijana wenye kofia za plastiki na karatasi. Walikuwa na adabu. Walihesabu nyumba, vyumba, mabati, choo. Walihesabu miti: mwembe huu, parachichi ile, migomba mingapi. Walipima shamba la mihogo kwa mkanda. Kambo alikuwa mzee sana, amekaa juu ya kigoda. Akawauliza: «Na kilima?»

Kijana aliangalia karatasi yake. Hakukuwa na mstari wa kilima. Akasema kwa upole, «Kambo, kilima si cha mtu.»

Kambo hakumjibu. Lakini jioni alituambia kwamba mama yake alizikwa upande ule wa jua kuchwa, karibu na mawe ya kijani, na kwamba maua ndiyo yaliyokuwa yanaonyesha mahali. Hatukuwa na msalaba wala saruji pale. Tulikuwa na maua ambayo kila mwaka yalirudi penyewe.

Kamioni zilikuja wakati wa kiangazi. Tulipewa nyumba za matofali, na sitakataa, nyumba nyingine zilikuwa bora kuliko zile tulizoziacha. Kambo aliishi katika nyumba mpya mvua mbili tu. Alizikwa hapa, katika makaburi ya kijiji kipya, kwenye udongo mwekundu wa kawaida. Nilitamani kuweka maua yale juu yake. Lakini hayaoti pale, na kilima kilikuwa kimekwisha kuwa shimo lenye ngazi, mashine zikishuka na kupanda kama sisimizi.

Sasa mnaelewa. Mahali ambapo ningetaka ua lile lionekane, halionekani. Na mahali ambapo sitaki, yaani juu ya chakula cha watoto, limejaa.

Nilimwambia Mama Mapasa ukweli. Nilimwambia: «Mama, ua hili halikuja kwa bahati. Linafuata mukuba. Mboga zinazoota katikati yake zinaweza kuchukua madini kutoka chini, na vumbi linakaa juu ya majani. Watoto wasile hizi.»

Alikasirika. Na alikuwa na haki. Alisema: «Yaya, nilikimbia watu wenye bunduki. Nilitembea siku nne. Nikapewa shamba, nikasema Mungu asante. Sasa unakuja kuniambia shamba nalo ni adui, kwa sababu ya ua? Watoto watakula nini usiku huu? Ua?»

Sikuwa na jibu. Nilikaa chini kwenye ukingo wa tuta. Ni rahisi sana kwa mtu mwenye simu na kaye kuja kusema usile hiki. Mimi nilikuwa nimekula bukari asubuhi.

Baada ya muda alinyamaza, akaniletea maji. Akasema, «Basi nionyeshe. Mpaka wake ni wapi?»

Swali hilo lilikuwa bora kuliko mafundisho yangu yote. Kwa maana ua la mukuba, kama kambo alivyojua, ni alama ya mpaka. Tulichukua vijiti tukaanza kutembea, yeye mbele, watoto nyuma. Kila tulipokuta mmea wa zambarau tulichomeka kijiti. Majirani wakatoka kuangalia. Kufika saa sita tulikuwa watu kama ishirini, na vijiti vilikuwa vimechora kitu ambacho kila mtu alikiona bila kuelezwa: mstari mrefu, mpana kwa juu na mwembamba kwa chini, unaofuata mfereji. Tulipoufuata mfereji kwenda juu, tukafika kwenye rundo la zamani la mawe na mchanga wa kijivu, ambalo liko pale tangu kabla yetu. Mvua ikinyesha, maji yanaosha rundo lile na kushuka hadi kwenye mashamba matano. La Mama Mapasa ni la kwanza.

Upande mwingine wa kijiji, penye vichuguu vikubwa, hatukuona hata ua moja. Wenyeji wa Katanga mnajua vichuguu vyetu, vingine virefu kuliko nyumba. Mchwa hupandisha udongo wa chini, na udongo ule una chokaa nyingi kuliko udongo wa pembeni, hauna ule uchachu wa ardhi yetu ya kawaida. Kambo alikuwa anapanda mboga kando yake, na mafundi wanatengenezea matofali. Tuliongea na wenye sehemu hizo. Wawili walikubali kumgawia Mama Mapasa na jirani yake vipande vya kupandia mboga msimu huu, kwa makubaliano kwamba watasaidia kulima. Mmoja alikataa, na namwelewa. Naye ana watoto.

Kwa kawaida katika ukurasa huu nawaletea habari tu. Leo naomba niongeze mambo machache ya matumizi, ambayo nimeyasikia kwa watu wa kilimo na ambayo yanakubaliana na yale ya wazee.

Kwanza, ukiona mimea ya zambarau imejaa sehemu moja mwisho wa mvua, hasa penye maji yanayotoka mgodini, kiwandani au kwenye rundo, usipande mboga za majani pale. Lenga-lenga, sombe, matembele, kabeji, yote yanakaa karibu na vumbi na mengine yanavuta madini kutoka udongoni.

Pili, kutoonekana kwa ua si hati ya usafi. Ardhi inaweza kuwa na madini na ua likakosekana, kwa sababu mbegu hazijafika, au watu wamelima sana, au wakati wake umepita. Ua likiwepo, ogopa. Likikosekana, bado uliza.

Tatu, osheni majani kwa maji mengi safi, mara mbili, mara tatu. Kuna jambo moja la kufundisha hapa. Zamani wataalamu waliandika kwamba mimea fulani ya vilimani inabeba mukuba na kobalti kwa wingi wa kushangaza ndani ya majani. Wengine walipoosha majani vizuri na kupima tena, viwango vikashuka sana. Sehemu kubwa ilikuwa vumbi lililoshika juu. Kama vumbi liliweza kuwadanganya wataalamu, linaweza kuingia pia katika sufuria yako. Lakini kuosha hakutoi kile kilichokwisha kuingia ndani ya jani. Kwa hiyo kuosha ni msaada, si dawa.

Nne, watoto wasicheze penye mchanga ule wa kijivu, na wanawe mikono kabla ya kula. Mtoto mdogo anakula udongo bila kujua.

Tano, chokaa na mboleo vinaweza kupunguza ukali wa mukuba katika udongo. Walimu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamejaribu hivyo Penga-Penga, ile kartiye ya Lubumbashi ambako moshi wa kiwanda cha kuyeyusha mukuba ulishuka miaka mingi mpaka ardhi ikabaki uchi. Walifaulu kuotesha majani ya porini yanayovumilia mukuba, ili yashike udongo na kuzuia vumbi. Lakini angalieni: lengo lilikuwa kufunika ardhi, si kupanda chakula.

Kamati ya kijiji imeandika barua kwa wahusika, ikiomba mambo mawili: udongo wa mashamba yale matano upimwe, na mfereji ugeuzwe ili maji ya rundo yasipite kwetu. Barua ilipokelewa, muhuri upo, na nakala ninayo. Mpaka leo ninapoandika, jibu halijafika. Nitawaambia litakapofika. Na lisipofika nitawaambia vilevile.

Kuna waliouliza: basi tung'oe maua yote? Kijana mmoja alikuwa amekwisha kushika jembe. Mama Mapasa ndiye aliyemzuia. Akasema: «Wewe unataka kung'oa mlinzi?» Mukuba uko ndani ya udongo, hauko ndani ya ua peke yake. Ukiling'oa, udongo unabaki vile vile na hakuna wa kukuonya. Sasa ameacha mstari ule wote kama ulivyo. Vijiti bado vimesimama, na watoto wake wanajua kwamba upande huu ni wa maua, upande ule ni wa chakula.

Mimi nafikiri pia juu ya yale mengine, yasiyopenda mifereji wala marundo. Ua la mukuba la kawaida lina nguvu. Kila mgodi mpya unalipa mahali pa kuota. Lakini lile dogo la Kalukuluku, na mengine kama lile, yanataka kilima chenyewe, na kilima hakitengenezwi na mtu. Migodi mingine imejaribu kukusanya mbegu na kuhamisha udongo wa juu kabla ya kuchimba. Ni kazi nzuri. Lakini mimi niliyehamishwa najua tofauti kati ya kupewa mahali na kuwa kwenu.

Sisemi migodi ifungwe. Nusu ya watoto wa kijiji hiki wanasoma kwa pesa inayotoka mgodini kwa njia moja au nyingine, na dunia nzima inataka kobalti yetu kwa betri zake. Nasema tu kwamba siku nyingine vijana wakija na karatasi, kuwe na mstari wa kilima. Waandike nini kinaota pale, na kama kinaota pale tu. Waulize nani amezikwa. Na sisi tuwe tayari kujibu, maana kama hatujui majina ya vitu vyetu, watahesabu mabati na kwenda.

Kwa hiyo nina ombi. Wataalamu wana majina yao marefu ya Kilatini. Lakini kambo na wenzake walikuwa na majina yao, kwa Kisanga, kwa Kiyeke, kwa Kilamba, kwa Kibemba, na mimi sikumwuliza alipokuwa hai. Kama nyumbani kwako kuna mzee ambaye bado anakumbuka ua la zambarau la vilimani liliitwaje, na lilitumika kwa nini, kaa naye jioni hii umwulize. Andika, au rekodi kwa simu, au uje unieleze. Jumapili baada ya misa na ibada nitakuwa chini ya mwembe wa shule, na kaye yangu.

Mama Mapasa atakuwepo pia. Amesema ataleta lenga-lenga zake mpya, zile za kando ya kichuguu, watu waonje.